Walezi wa wazee majumbani Marekani: kabla hujagombana na ejensi, tazama kiwango inacholipwa

Mto Ruvu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu mlioko huku na mlioko nyumbani.

Kila kundi la Watanzania na Wakenya ninaloingia, kuanzia Houston mpaka Minneapolis, malalamiko ni yale yale. Mtu anamwogesha mzee, anambadilisha nguo, anampikia, anamkumbusha dawa, anamgeuza kitandani asipate vidonda, halafu mwisho wa wiki analipwa sawa na mpanga bidhaa dukani, pengine chini yake. Mei 2024 mlezi wa kati kabisa wa nyumbani nchi nzima alikuwa analipwa dola 16.78 kwa saa. Kwa kazi ya kubeba uhai wa mtu, hiyo ni aibu ya taifa.

Ila tunayapeleka malalamiko mahali pasipo na majibu. Tunamsema mwenye ejensi, tunahama, tunakuta kwingine senti hamsini zaidi, baada ya mwaka tumerudi palepale. Nimefanya kazi hii kwa mikono yangu, baadaye nikakaa ofisi ya ejensi nikiandaa madai ya malipo, na ninachotaka kusema ni hiki: sehemu kubwa ya mshahara wako imeshaamuliwa kabla hujajaza fomu ya kazi. Imeamuliwa kwenye kiwango ambacho serikali imekubali kulipa kwa saa ya huduma. Usipokijua, hujui hata unamdai nani.

Kuna mifuko miwili, na watu wengi wanaichanganya. Yote ilianzishwa na sheria ya 1965, enzi ya Rais Lyndon Johnson, lakini inalipa kwa namna tofauti kabisa.

Medicare ni ya serikali kuu, kwa waliofika miaka 65 na baadhi ya wenye ulemavu. Inalipa huduma ya nyumbani kama mgonjwa hawezi kutoka nje bila taabu kubwa, anahitaji nesi au mtu wa mazoezi ya viungo kwa vipindi, na daktari ameidhinisha. Mgonjwa mwenyewe hatoi kitu. Hapo mlezi ni kiambatisho cha nesi: nesi akifunga faili, na wewe kazi imekwisha. Medicare hailipi mtu wa kukaa na mama kila siku ampikie na kumwogesha kwa miaka. Familia nyingi hugundua jambo hilo siku mzee ameshaanguka.

Ejensi inalipwa na Medicare kwa kipindi, haihesabiwi saa. Tangu Oktoba 2000 kipindi kilikuwa siku 60. Tangu Januari 2020 ni siku 30. Kiwango cha msingi cha 2025 kilikuwa dola 2,057.35 kwa siku hizo 30, kisha kinapandishwa au kushushwa kulingana na hali ya mgonjwa (kuna makundi 432) na mishahara ya eneo. Idadi ya ziara ikiwa ndogo mno, malipo yanageuka kuwa ya ziara moja moja. Sasa jiweke kwenye kiti cha mwenye ejensi: hela ni ile ile umtume mlezi mara mbili au mara nane. Ziara zinapunguzwa, na anayepunguzwa kwanza ni mlezi, kwa sababu nesi na mazoezi ndivyo vinavyofungua mlango wa malipo.

Medicaid ni habari nyingine. Ni ya watu wa kipato cha chini, inagharimiwa na serikali kuu pamoja na jimbo. Sheria inasema serikali kuu isichangie chini ya asilimia 50. Kwa majimbo maskini kama Mississippi inapita asilimia 70. Huu ndio mfuko unaolipa sehemu kubwa ya ulezi wa muda mrefu majumbani, kazi ambayo wengi wetu tunaifanya. Na hapa kiwango kinapangwa na jimbo, mara nyingi kwa yuniti ya dakika 15.

Chukulia jimbo linalipa dola 6 kwa yuniti, yaani 24 kwa saa. Ejensi ikikulipa 15, inaongeza asilimia 7.65 ya kodi ya Social Security na Medicare upande wake, tayari ni 16.15. Bado bima ya kuumia kazini, bima ya kukosa kazi, nesi msimamizi, mafunzo, pango la ofisi, programu ya simu unayobonyeza ukiingia na kutoka (sheria ya 2016 ndiyo iliyoilazimisha), na madai yanayokataliwa kwa sababu GPS imesoma nyumba ya jirani. Mteja akilazwa hospitali, saa zinakatika na hakuna anayelipwa. Kinachobaki huenda kikawa kidogo cha haki, huenda kikawa kinono. Utajua tu ukiwa na hiyo namba ya kwanza.

Mfano halisi ni Texas. Kule mshahara wa msingi wa mlezi wa Medicaid unatajwa ndani ya bajeti ya jimbo. Kuanzia Septemba 2019 ulikuwa dola 8.11. Ulikaa hapo wakati wa Corona, ulikaa hapo bei za mayai na pango zikipaa, hadi Septemba 2023 bunge lilipoupandisha kuwa 10.60, kisha 13.00 kuanzia Septemba 2025. Ejensi za Houston hazikupata huruma siku moja kwa mpigo. Mstari mmoja wa bajeti ulibadilishwa kule Austin, mji mkuu wa jimbo, basi.

Karibuni tujadili. Mwenye swali la jimbo lake aulize.

Kijiti cha Mwangaza

Mkuu umetufungua macho. Mimi niko Massachusetts upande wa Lowell, Wakenya wengi huku wameingia kazi hii. Swali langu: ikiwa jimbo linalipa kiwango kisichotosha, mbona hizo ejensi zisiende mahakamani? Si kuna sheria inayosema malipo yatoshe?

Mto Ruvu

Mkuu, swali lako lilifika Mahakama ya Juu kabisa. Sheria ya Medicaid ina kifungu kinachotaka malipo yawe ya kutosha kuvutia watoa huduma, ili huduma ipatikane kama inavyopatikana kwa watu wengine wa eneo hilo. Watoa huduma wa Idaho waliokuwa wanahudumia watu wenye ulemavu walishtaki kwamba jimbo linawalipa chini ya kiwango ambacho utafiti wa jimbo lenyewe ulipendekeza. Wakashinda ngazi za chini. Mwaka 2015, kesi ya Armstrong dhidi ya Exceptional Child Center, Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba watoa huduma hawana haki ya kushtaki kwa kifungu hicho. Mwenye kusimamia ni serikali kuu, na silaha yake kubwa ni kulizuia jimbo fedha, silaha ambayo ikitumika wa kwanza kuumia ni mgonjwa.

Kwangu mimi ile hukumu ilifunga mlango mkubwa. Uliobaki ni bunge la jimbo na gavana. Ndiyo maana nasisitiza bajeti kuliko mahakama.

Dada wa Zamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko New York. Kwetu kiwango si kibaya, mwaka 2025 kima cha chini cha mlezi hapa jijini kilikuwa dola 19.10 kwa saa. Kinachotumaliza ni zamu ya saa 24. Unakaa na mgonjwa mchana na usiku, unalipwa saa 13. Wanasema saa 8 ulikuwa umelala na saa 3 ulikuwa unakula. Mgonjwa wangu ana dimenshia, usiku anaamka anataka kwenda kazini, kazi aliyostaafu zamani. Kulala gani huko? Nikiuliza ofisini naambiwa Medicaid imeidhinisha 13.

Mto Ruvu

Wa aleikum salaam dada. Pole sana, hili limewaumiza watu wengi, hasa wanawake wahamiaji wa mataifa yote. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo la New York iliukubali utaratibu wa saa 13, lakini kwa sharti ambalo ofisi nyingi hazilisemi kwa sauti: upate saa 8 za kulala, na angalau 5 ziwe mfululizo bila kuamshwa, pamoja na saa 3 za mlo bila kazi. Ukikosa hizo 5 mfululizo, saa zote za kulala ni za kulipwa.

Kwa hiyo andika. Kila akikuamsha, andika saa na ulichofanya, na upeleke taarifa ofisini kwa maandishi asubuhi ileile. Bila maandishi ni neno lako dhidi ya karatasi yao. Na familia iombe tathmini upya: mgonjwa anayeamka usiku kucha anastahili walezi wawili wa zamu ya saa 12 kila mmoja. Huo uamuzi ni wa upande wa Medicaid na kampuni ya bima inayoisimamia, ejensi haiwezi kuutoa peke yake.

Mwana wa Kigoma

Tukiwa kwenye saa, tuelezeni ovataimu. Mimi nafanya saa 60 na zaidi kwa wiki huku Ohio. Nasikia inataka kuondolewa?

Mto Ruvu

Historia yake ni ndefu na inafaa kila mlezi aijue.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani liliwaingiza wafanyakazi wa majumbani kwenye sheria ya kima cha chini na ovataimu, lakini likawaacha nje walioitwa wa kumpa mtu kampani, kama binti wa jirani anayekaa na bibi jioni. Kanuni zilizofuata zikalipanua neno hilo hadi likawameza walezi wa ejensi wanaofanya kazi nzito wiki nzima. Evelyn Coke, mama kutoka Jamaika aliyefanya kazi hii New York, alishtaki kudai ovataimu yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimkatalia, majaji wote 9. Alifariki 2009 bila kulipwa. Mwaka 2013 serikali ya Obama ikabadilisha kanuni, na baada ya mvutano wa mahakamani walezi wa ejensi wakaanza kupata ovataimu kwa sheria ya nchi nzima.

Julai 2025 Wizara ya Kazi ilitoa pendekezo la kurudisha kanuni za zamani. Majimbo kadhaa, New York na California yakiwemo, yana sheria zao za kumlinda mlezi. Ambako jimbo halina kinga yake, pendekezo hilo likipita, ulinzi unakwenda nalo.

Uone lilivyofungamana na viwango: ovataimu ilipoingia, majimbo mengi hayakupandisha kiwango kufidia. Ejensi zikaamua dawa ni kukupangia saa 40 tu, ukatafute ejensi ya pili. Ndiyo maana wengi wetu tuna kazi mbili na hatuna ovataimu hata moja. Haki iliyopitishwa bila hela ya kuilipia humfikia mlengwa nusu.

Mwenye Ofisi

Naomba na mimi nisikike, maana humu wenye ejensi tunasemwa kama wezi. Nilianza kama CNA (nesi msaidizi), sasa nina ejensi ndogo, wateja wangu karibu wote ni wa Medicaid. Mleta uzi amesema kweli kuhusu gharama. Ila ile kanuni ya 80 kwa 20, inayotaka asilimia 80 ya malipo iende kwa walezi, itatuua wadogo. Kampuni kubwa zina wateja maelfu, gharama za ofisi wanazigawa. Mimi nikibakiwa na asilimia 20 silipi nesi, mhasibu, na bima. Wakubwa watatununua wote, kisha mtajua nani alikuwa mwema kwenu.

Mto Ruvu

Ndugu yangu, nakuheshimu kwa kuja na hoja mezani. Wasomaji waelewe kwanza: kanuni ya serikali kuu ya 2024 inataka asilimia 80 ya malipo ya Medicaid kwa ulezi wa mwili, msaada wa kazi za nyumbani na huduma za wahudumu wa afya wa nyumbani iende kwenye malipo ya walezi wenyewe. Majimbo yalipewa miaka 6, kwa hiyo sharti lenyewe ni la 2030.

Mambo mawili yanakupunguzia mzigo. Gharama za mafunzo, usafiri na vifaa vya kujikinga zinatolewa kwanza kabla ya hesabu ya asilimia. Na jimbo linaruhusiwa kuweka kiwango tofauti kwa ejensi ndogo, na msamaha kwa zenye shida ya kweli. Kwa hiyo wewe na mimi tunaweza kuwa upande mmoja tukiomba jimbo liutumie mwanya huo.

Lakini nitasema bila kuzunguka: naiunga mkono kanuni. Nimeona jimbo likipandisha kiwango na nyongeza ikaishia juu, mlezi akabaki na barua ya pongezi. Ukipandisha kiwango bila sharti la mshahara, hujui hela imelala wapi. Na ukiweka sharti la mshahara bila kupandisha kiwango, unaua ejensi kama yako. Vinatakiwa pamoja. Texas walau wanataja mshahara wa msingi ndani ya bajeti, ingawa namba yenyewe bado ni ndogo.

Na kuna tofauti nyingine ambayo lazima niiseme kwa ajili ya walezi. Ejensi inayoishi kwa Medicare isijifiche nyuma ya umaskini wa Medicaid. Tume inayolishauri Bunge kuhusu Medicare, MedPAC, imeeleza mwaka baada ya mwaka kwamba ejensi zinazojitegemea zinabakiwa na zaidi ya asilimia 20 kwenye wagonjwa wa Medicare, na ikapendekeza kiwango kishushwe asilimia 7. Serikali nayo imekata: asilimia 3.925 mwaka 2023, 2.890 mwaka 2024, 1.975 mwaka 2025, ikidai mfumo wa siku 30 ulizilipa ejensi zaidi ya ilivyokusudiwa. Ejensi zinasema makato hayo yanafunga milango vijijini. Ndugu, kwenye vijiji nakubali kuna shida ya kweli. Mjini, kwenye kampuni kubwa yenye wanahisa, hapo mlezi ana haki ya kumuuliza bosi wake ana kwa ana.

Hivyo swali la kwanza unapoomba kazi: wateja wenu wanalipiwa na nani? Jibu lake ndilo linaamua ugomvi wako ni wa ofisini au wa bungeni.

Mwenye Ofisi

Hapo tumeelewana. Wangu hawana Medicare hata mmoja. Nikipewa kiwango kizuri, mlezi wangu namlipa, maana akiondoka mmoja namfundisha mwingine kwa gharama mpya.

Bahari Kuu

Wakuu samahani kutoka nje kidogo. Nimemleta mama yangu kutoka Tanga, ana green card, ana miaka 71, kisukari na magoti yamechoka. Nimesikia kuna mpango wa serikali kukulipa wewe mtoto umtunze mzazi wako. Kweli au maneno ya kijiweni?

Mto Ruvu

Ni kweli, ila kwa mama yako kuna vizingiti, naomba usome taratibu.

Majimbo mengi yana mpango ambamo mgonjwa mwenyewe ndiye anayemchagua na kumwajiri mlezi, na mtoto mkubwa anaweza kuwa huyo mlezi akalipwa na Medicaid. California wana mpango mkubwa kuliko yote, unaitwa IHSS. New York wana CDPAP. Huko New York mtoto anaruhusiwa, mume au mke haruhusiwi. Minnesota walianza kuhamisha watu kutoka mpango wa zamani wa PCA kwenda CFSS Oktoba 2024.

Kizingiti cha kwanza ni uhamiaji. Sheria ya 1996 inamtaka mwenye green card asubiri miaka 5 kabla ya kupata Medicaid kamili, isipokuwa makundi maalumu. Majimbo machache yanatumia hela yao wenyewe kuwahudumia kabla ya hapo, kwa hiyo uliza la kwako. Medicare nayo, kwa mzee asiye na historia ya kazi huku, inadai miaka 5 ya kuishi mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuinunua.

Cha pili ni hela na mali. Kwa wazee, majimbo mengi bado yanashikilia kikomo cha dola 2,000 za akiba kwa mtu mmoja. Nyumba anayoishi kwa kawaida haihesabiwi.

Cha tatu ni foleni. Ulezi wa majumbani chini ya Medicaid kwa sehemu kubwa unapitia weiva, ruhusa maalumu zilizoanza 1981, na jimbo linaruhusiwa kuweka idadi ya watu. Mwaka 2024 zaidi ya watu 700,000 walikuwa kwenye orodha za kusubiri nchi nzima. Nyumba ya wazee ni haki ya anayestahili, jimbo haliwezi kumwekea foleni. Kubaki nyumbani kwako ndiko kunasubirishwa. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1999, kesi ya Olmstead, kwamba kumfungia mtu kwenye taasisi wakati anaweza kuishi kwenye jamii ni ubaguzi. Zaidi ya robo karne baadaye sheria ya malipo bado inaegemea taasisi. Hili linaniuma kuliko yote, maana kwetu Waswahili mzee kufia mikononi mwa watoto wake ni heshima tunayoijua.

Mama Kivu

Ndugu mleta uzi, mimi ni Mkongomani, tulifika hapa na familia kama wakimbizi. Sisi tulipofika tulipewa Medicaid palepale, bila hiyo miaka 5. Mzee wetu anapata mlezi kila siku. Sasa watu kanisani wanasema itafungwa. Ni kweli?

Mto Ruvu

Mama, habari hiyo ina ukweli ndani yake na ni muhimu uifanyie kazi mapema. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa 4 Julai 2025 imepunguza orodha ya wasio raia wanaostahili Medicaid inayolipiwa na serikali kuu. Kuanzia 1 Oktoba 2026, hadhi ya ukimbizi peke yake haitatosha. Wenye green card wamebaki kwenye orodha, na mkimbizi aliyeshapata green card hawekewi ile subira ya miaka 5.

Kwa hiyo mzee kama amemaliza mwaka tangu kufika na hajaomba green card, aombe sasa, msingoje. Nendeni kwenye shirika lililowapokea au kwa wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Msimlipe mtu wa pembeni anayedai ana njia ya mkato. Na mwambie kila mzee kanisani, si wako tu.

Mama Kivu

Mungu akubariki. Nitasoma haya mbele ya wamama Jumapili.

Kijiti cha Mwangaza

Hiyo sheria ya 2025 itagusa viwango vya walezi pia? Wengine wanasema imegusa vijana wasiofanya kazi tu, wazee wako salama.

Mto Ruvu

Haijakata viwango vya ulezi kwa jina. Lakini kwa miaka 10 inapunguza fedha za serikali kuu kwa Medicaid kwa karibu dola trilioni moja, na inayabana majimbo kwenye kodi za watoa huduma ambazo yalizitumia kujaza sehemu yao. Jimbo likikosa hela linatafuta pa kukata. Hospitali na nyumba za wazee ni lazima kisheria. Weiva za ulezi majumbani ni hiari ya jimbo. Unaona mwenyewe kisu kitaelekea wapi.

Na kimeshaanza kuonekana, ingawa kila jimbo lina sababu zake za bajeti. Idaho ilikata viwango vya watoa huduma wa Medicaid asilimia 4 Septemba 2025. North Carolina ilikata kati ya asilimia 3 na 10 mwezi uliofuata, watu wakaenda mahakamani, wakapiga kelele, na Desemba gavana akavirudisha. Ilipigwa kelele mapema, kabla walezi hawajatawanyika kwenda maghala ya Amazon.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka 2021 serikali kuu iliongeza asilimia 10 kwenye mchango wake wa huduma za majumbani kwa mwaka mmoja, na majimbo mengi yakaitumia kupandisha mishahara na kulipa bonasi. Wakati ule hakuna aliyesema haiwezekani.

Jimbo la Washington nalo limejaribu njia ya tofauti: tangu Julai 2023 wafanyakazi wanakatwa asilimia 0.58 ya mshahara kwenda mfuko wa ulezi, WA Cares, na kuanzia Julai 2026 anayestahili anapata hadi dola 36,500 maishani mwake. Kiasi hicho hakitoshi miaka mingi, lakini kinamwezesha mzee wa kipato cha kati asifilisike kwanza ndipo asaidiwe. Novemba 2024 wapiga kura waliulizwa kama waufanye wa hiari, jambo ambalo lingeuua, wakakataa.

Dada wa Zamu

Na chama cha wafanyakazi kinasaidia kweli? Hapa tunakatwa ada kila mwezi, wengine wananung'unika.

Mto Ruvu

Dada, kwa kazi hii chama kina umuhimu wa pekee kwa sababu kinakaa mezani na anayepanga kiwango. Los Angeles mwaka 1999 walezi 74,000 walijiunga kwa kura moja, ilikuwa miongoni mwa kura kubwa za vyama nchini kwa miongo mingi. Kabla ya hapo hawakuwa hata na mwajiri wa kumwandikia barua. Kaunti ilisema si wetu, jimbo likasema si wetu. Ilibidi kwanza sheria iunde mamlaka ya umma ya kuwa mwajiri. Washington walifanya hivyo kwa kura ya wananchi 2001. Kama chama chako hakikusikilizi, hudhuria mikutano na uwabane viongozi. Kujitoa ni kurudi kuomba mmoja mmoja.

Mwana wa Kigoma

Sasa mtu wa kawaida aanzie wapi? Mimi Kiingereza cha bungeni sina, lakini nimechoka.

Mto Ruvu

Ndugu, anza na namba. Ingia tovuti ya Medicaid ya Ohio, tafuta jedwali la malipo, halafu tafuta namba ya huduma (code) T1019. Hiyo ni ya ulezi wa mwili kwa dakika 15, na inatumika majimbo mengi. Ukikuta jimbo lako linatumia namba nyingine, jaribu S5125, au G0156 kwa mlezi aliye chini ya nesi. Zidisha mara 4 upate saa, kisha weka pembeni na mshahara wako. Kanuni ile ya 2024 inayataka majimbo yote yachapishe viwango vyao hadharani ifikapo 1 Julai 2026, na ieleweke kwa mtu wa kawaida.

Kanuni hiyohiyo inataka kila jimbo liwe na kikundi cha ushauri kuhusu viwango vya huduma hizi, na walezi wenyewe wawemo ndani. Andika kwa idara ya Medicaid ya jimbo uulize nafasi za walezi zinajazwaje. Kuhusu Kiingereza, kwenye kikao cha bajeti mtu hupewa dakika chache tu za kusema, na unaruhusiwa kusoma ulichoandikiwa. Uliza mapema kuhusu mkalimani. Sema saa unazofanya, unacholipwa, na wateja waliokosa mlezi kwa sababu watu wameacha kazi. Hilo la mwisho ndilo linalowagusa wabunge, maana wana wazazi.

Walio Texas, bunge lenu halikutani kila mwaka. Kikao kijacho cha kawaida ni Januari 2027, na maombi ya bajeti ya idara huandaliwa katika mwaka unaotangulia kikao. Mkisubiri Januari mtakuta karatasi zimeshajazwa. Atakayepata kiwango cha jimbo lake akiweke hapa pamoja na namba ya huduma na mwaka, nitavipanga kwenye post ya kwanza.